Kifungua Kinywa, Saa za Kula na Kilo Zinazogoma Kushuka

Swali la msomaji: "Nina miaka 36, uzito kilo 86, urefu sentimita 160. Naishi Mbagala na kazi yangu iko Posta. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku kwa sababu ya foleni. Kwa kawaida saa 4 asubuhi nakula chapati mbili na chai ya maziwa, saa 8 mchana wali maharage kwa mama ntilie, na saa 3 usiku ugali na familia. Kuna wanaoniambia nile asubuhi kama mfalme, wengine niache kabisa kunywa chai nifunge mpaka saa 6 mchana, na wote wanasema chakula cha baada ya saa 12 jioni kinageuka mafuta. Nimeacha kunywa chai kwa wiki tatu, sijapungua hata kilo moja, na usiku nafika nyumbani nikitetemeka kwa njaa. Nifuate lipi?"

Jibu:

Pole dada, maana wiki tatu za kukaa na njaa bila kuona matunda zinakatisha tamaa. Nianze na jibu lenyewe, halafu nieleze limetoka wapi. Chakula kile kile, kwa kipimo kile kile, ukikila asubuhi au usiku kinakupunguza karibu sawa. Saa ya kula haina nguvu ya kuyeyusha mafuta. Nguvu yake iko kwingine: inaamua utakuwa na njaa kiasi gani utakapoketi mbele ya sufuria linalofuata. Kwa ratiba yako, shida haiko saa 4 asubuhi. Iko kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku. Rudisha chai yako ya asubuhi, lakini iwe ya wastani na yenye protini, kisha weka kitu kidogo tumboni kabla hujapanda gari la kurudi. Ukifanya hivyo utaweza kupunguza sahani ya usiku bila kupigana nayo.

Imani kwamba kifungua kinywa kinapunguza mwili ilitokana na takwimu za kweli zilizosomwa vibaya. Tafiti nyingi zilizouliza watu wanakula nini zilikuta kwamba wanaokula asubuhi huwa wembamba kuliko wasiokula. Huko Marekani kuna daftari la kitaifa la watu waliopungua na kubaki wamepungua, lililoanzishwa mwaka 1994, na ilipochapishwa taarifa yake mwaka 2002 asilimia 78 ya waliomo walisema wanakula asubuhi kila siku. Watu wakasema, basi siri ni hiyo. Lakini anayekula asubuhi kwa kawaida ndiye pia anayelala mapema, havuti sigara, na hana kazi ya zamu za usiku. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi. Ili ujue, lazima uwagawe watu kwa kura: hawa wale, hawa wasile, kisha uwapime.

Hilo limefanyika. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la Marekani la watu wazima 309 waliotaka kupungua. Kundi moja liliambiwa lile kifungua kinywa, jingine liliambiwa liache, jingine likapewa ushauri wa kawaida tu. Baada ya wiki 16 hakukuwa na tofauti ya uzito iliyotokana na kula au kutokula asubuhi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13 ya namna hiyo na kuyachambua kwenye jarida la BMJ. Waliopangiwa kula asubuhi walikula wastani wa kalori 260 zaidi kwa siku, na waliishia na uzito mkubwa zaidi kwa takriban nusu kilo. Nusu kilo si kitu cha kukufanya uogope chai, lakini inatosha kuivunja hoja kwamba kuacha chai kunakunenepesha.

Na ile habari ya kwamba usipokula asubuhi mwili "unazima jiko" na kuacha kuchoma? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliipima moja kwa moja. Kwa wiki sita kundi moja lilikula angalau kalori 700 kabla ya saa 5 asubuhi, jingine halikuweka kitu mdomoni zaidi ya maji mpaka saa 6 mchana. Nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umetulia haikubadilika kwa kundi lolote. Kilichobadilika ni mwendo: waliokula walijongea zaidi, na wasiokula walipoa asubuhi bila kujitambua. Hili likumbuke. Ukifunga asubuhi halafu ukaacha kupanda ngazi, ukamtuma mwenzako dukani badala ya kwenda mwenyewe, sehemu ya ulichookoa kwenye chapati unairudisha kwenye kiti.

Sasa tuje kwa "mfalme". Ushauri huu una jaribio lake maarufu. Mwaka 2013 watafiti wa Israeli waliwapa wanawake 93 wenye uzito mkubwa mpango wa kalori 1,400 kwa siku. Nusu yao walipangiwa 700 asubuhi, 500 mchana na 200 usiku, na nusu walipangiwa kinyume chake. Baada ya wiki 12 walioanza na mlo mkubwa walikuwa wamepungua kilo 8.7 kwa wastani, na waliomalizia na mlo mkubwa kilo 3.6. Ukiishia hapo utaona kesi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, kilirudia swali lile lile kwa namna ngumu zaidi kudanganyika. Watu 30 walipewa chakula chote, kimepimwa na kufungashwa. Kila mmoja alipita mipango yote miwili, wiki nne kwa kila mpango: asilimia 45 ya chakula ikiwa asubuhi, kisha asilimia 45 ikiwa usiku, au kinyume chake. Nishati waliyotumia ilipimwa kwa kuwanywesha maji maalumu yenye alama na kufuatilia alama hizo mwilini. Mlo mkubwa asubuhi, walipungua kilo 3.33. Mlo mkubwa usiku, kilo 3.38. Nishati iliyochomwa ilikuwa ile ile.

Kwa nini majaribio mawili yenye swali moja yapishane hivyo? Tofauti moja kubwa ni kwamba kule Aberdeen kila mtu alipewa chakula kilichopimwa, wakati kule Israeli wanawake walifuata mpango wakiwa makwao, na wale wa mlo mkubwa wa usiku walishinda na njaa kali zaidi. Mtu mwenye njaa akiwa na sufuria karibu huongeza, hata kama hakukusudia na hata kama haandiki. Na kuna jambo Aberdeen walilikuta ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko kilo zenyewe: siku za mlo mkubwa wa asubuhi, watu walisema njaa yao ilikuwa ndogo kwa siku nzima. Kwa hiyo kifungua kinywa kizito hakichomi mafuta ya ziada. Kinatuliza njaa, na aliyetulia hukadiria vizuri zaidi anachopakua. Hiyo ndiyo faida yake yote, na si ndogo, ila inapatikana tu kama kweli unapunguza baadaye. Ukila kama mfalme asubuhi kisha ukala kama mfalme usiku, utanenepa kama kawaida.

Kuhusu saa 12 jioni, hakuna mlango unaofungwa mwilini jua likizama. Lakini kuchelewa sana kuna gharama yake, na ni haki yako kuijua ilivyo. Mwaka 2022 watafiti wa Boston waliwaweka watu 16 wenye uzito mkubwa maabara, wakawalisha chakula kile kile, mara moja kwa saa za kawaida, mara nyingine kwa kuchelewesha milo takriban saa nne. Walipocheleweshwa njaa iliongezeka, homoni ya leptini inayoleta hisia ya kushiba ikashuka, na nishati waliyotumia wakiwa macho ikapungua kwa takriban asilimia 5. Asilimia 5 hiyo ni kama kalori 60 kwa siku, yaani nusu kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia. Ukiwa na muda wa kuchagua, kula mapema. Lakini kama unafika saa 2 usiku na una watoto wa kukaa nao mezani, usijilaumu kwa saa. Pambana na kile kijiko cha mafuta kwanza, kinashikika.

Kufunga kwa saa maalumu kumejaribiwa vilevile. Huko Guangzhou, China, watu 139 walipewa mpango mmoja wa kupunguza kalori kwa mwaka mzima. Nusu waliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, wengine muda wowote. Wa kwanza walipungua kilo 8.0, wa pili kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi. Jaribio jingine la Marekani la mwaka 2020 liliwaruhusu watu kula kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, bila kuwaambia wapunguze kiasi. Wiki 12 baadaye hawakuwapita wenzao waliokula milo mitatu, na kwa wale waliopimwa miili kwa undani, sehemu kubwa ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Hilo ni onyo kwa mtu anayefunga halafu anafungulia kwa chai na maandazi: protini ikikosekana, misuli inaliwa. Na kwetu mfano mkubwa kabisa upo kila mwaka. Tafiti za mwezi wa Ramadhani zinaonyesha wengi hupungua kidogo, kisha uzito hurudi baada ya Idi. Wengine hata hawapungui, maana viazi vya nazi, sambusa na tambi za futari zinafidia mchana wote kwa nusu saa.

Turudi mezani kwako.

Nishati unayohitaji inakadiriwa hivi kwa mwanamke: zidisha uzito kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha toa 161. (Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 unajumlisha 5.) Kwako: 860 + 1,000 − 180 − 161 = 1,519. Hiyo ni ya mwili uliolala. Zidisha kwa 1.4 kama unakaa sana, 1.5 kama unatembea kiasi, unapata kati ya kalori 2,130 na 2,280 kwa siku. Ni makadirio, lakini yanatosha kuanzia.

Sasa pima chapati zako. Unga wa ngano nusu kilo una kalori 1,820 hivi. Ukitumia mafuta mililita 100 kukandia, kupaka na kukaangia, umeongeza kama 815. Jumla 2,635. Ukipata chapati 8, kila moja ina 330. Mbili ni 660. Kikombe kikubwa cha chai, nusu maziwa, na vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa, kina kama 165. Kifungua kinywa chako, ambacho unakiona kidogo kwa sababu kimekaa kwenye kisahani, kina kalori 825. Nikikadiria wali wa mchana 650 na ugali wa usiku pamoja na mboga na mafuta yake 800, siku inafika 2,275. Ni karibu kabisa na unachotumia, na ndiyo maana mizani imesimama.

Ulipoacha chai ulitoa 825 kwa mkupuo. Ungetegemea upungue. Lakini umeandika mwenyewe kwamba ulifika nyumbani ukitetemeka. Mtu wa hali hiyo huonja mboga mara tano akiwa jikoni, humega donge la ugali likiwa bado kwenye mwiko, hununua korosho au karanga dirishani kwenye foleni, na mchana humwambia mama ntilie aongeze. Hakuna kati ya hayo kinachokumbukwa kama "kula". Vyote pamoja vinafika 825 bila taabu. Hukukosa nidhamu, dada. Ulipunguza mahali ambapo hapakuwa na tatizo, njaa ikaenda kulipia mahali penye sufuria.

Nashauri ujaribu mpango huu wa kama kalori 1,650 kwa wiki nne.

Saa 3 na nusu au saa 4 asubuhi, kama 450: chapati moja, mayai mawili ya kuchemsha, chai yenye kijiko kimoja cha sukari na maziwa kidogo. Chapati yenyewe ibadilishe: unga ule ule wa nusu kilo, mafuta vijiko vya chakula 4 tu kwa kazi yote, na ugawe madonge 10. Kila chapati inashuka hadi 230. Inakauka haraka kuliko ile ya mafuta mengi, kwa hiyo kanda kwa maji ya vuguvugu, pumzisha donge nusu saa, na ukishaipika ifunike mara moja kwenye kitambaa ndani ya hotpoti. Siku za kuchoka chapati, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 vina kalori 170 tu, na vinashibisha kuliko maandazi mawili yenye kalori mara mbili yake. Mayai usiyaache. Kati ya vyote hivi, protini ya asubuhi ndiyo inayokuvusha mpaka saa 8 bila kutafuta vitafunwa. Asiyekula mayai aweke maharage kikombe kimoja.

Saa 8 mchana, kama 550. Kwa mama ntilie sema mapema, kabla hajapakua: wali nusu, maharage kamili, mboga za majani mara mbili, na asimwagie mchuzi wa mafuta juu. Ukishapewa sahani kamili utaimaliza, kila mtu huimaliza. Kunywa maji. Soda ya mililita 350 ina kalori kama 150, na juisi ya matunda iliyotiwa sukari haina huruma zaidi.

Saa 11 jioni, kabla hujatoka kazini, kama 180: karanga gramu 30, yaani kiganja kimoja kisichofurika, au yai moja na ndizi mbivu. Mlo huu mdogo ndio ufunguo wa mpango mzima, na ndio watu huuacha kwanza kwa kuona "naongeza chakula". Utauacha siku ya tatu kwa sababu hutakuwa na njaa saa hiyo. Kula hata hivyo. Hauliwi kwa ajili ya njaa ya saa 11, unaliwa kwa ajili ya njaa ya saa 2 na nusu. Na uubebe kutoka nyumbani ukiwa umepimwa, maana karanga za kwenye foleni huja kwa mfuko, na mfuko humalizwa.

Usiku, kama 450. Hapa ndipo pa kuwa makini, hasa kama mnakula kwenye sinia moja, kwa sababu hakuna anayeijua sehemu yake. Chukua bakuli dogo la ukubwa wa ngumi yako, lilowanishe maji, lijaze ugali, ligeuze juu ya sahani yako. Donge hilo, lenye unga kama gramu 70, lina kalori 250. Hilo ndilo lako, na likiisha endelea na mboga. Mafuta ya mboga yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na mkono unaomimina kwa mazoea huweka vinne. Kwa familia ya watu wanne, vijiko viwili kwenye mchicha vinatosha kabisa ukianza na kitunguu na nyanya na kuacha nyanya iive vizuri. Dagaa waoshe kwa maji ya moto, waunge kwa nyanya na ndimu, usiwakaange kwanza. Ugali wa dona una nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe na unakaa tumboni muda mrefu, ingawa kalori zake ni karibu sawa, kwa hiyo usilipandishe donge kwa kisingizio cha dona.

Hapo umepungukiwa na takriban kalori 500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama 7,700, kwa hiyo tegemea nusu kilo kwa wiki, na kidogo chini ya hapo kadiri miezi inavyoenda, maana mwili mdogo unahitaji kidogo. Lengo la kwanza liwe kilo 82. Kushuka kwa asilimia 5 tu tayari kunasaidia shinikizo la damu na sukari, hata kama kioo bado hakijaona tofauti.

Jipime asubuhi baada ya haja, kabla ya kunywa chochote, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, mara tatu kwa wiki, uandike wastani. Mizani ya siku moja inadanganya. Siku chache kabla ya hedhi mwanamke anaweza kupanda kilo moja au mbili za maji, na chipsi au samaki wa chumvi nyingi jana usiku hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo linganisha wiki ya kwanza ya mzunguko huu na wiki ya kwanza ya mzunguko ujao. Wengi huacha mpango unaofanya kazi kwa sababu walijipima siku mbaya. Kama baada ya wiki nne wastani haujashuka hata nusu kilo, usiguse saa. Angalia vitatu kwa mpangilio huu: mafuta ya kupikia, sukari ya vinywaji, na siku za Jumamosi na Jumapili. Harusi moja yenye pilau, soda tatu na keki inaweza kula upungufu wa siku tatu.

Je, wewe ni mtu wa kula asubuhi au la? Hilo unaweza kulipima mwenyewe baada ya mpango kutulia. Wiki mbili kula saa 4 kama nilivyosema. Wiki mbili zinazofuata ruka, na hizo kalori 450 ziweke mchana na jioni. Kila siku saa 2 usiku andika njaa yako kwa alama 1 hadi 10, na uandike pia kama ulimega kitu kabla ya kupakua. Kuna watu ambao wakiruka asubuhi njaa yao ya usiku haibadiliki hata kidogo. Hao waruke kwa amani. Kwa maelezo yako, sidhani kama uko kundi hilo.

Kuna hofu moja inayowafanya wengi wale asubuhi hata bila njaa: vidonda vya tumbo. Kuchelewa kula hakusababishi vidonda. Husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helikobakta pilori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikitumiwa sana. Tumbo tupu linaweza kukuuma kama tayari una kidonda. Likikuuma mara kwa mara, nenda ukapimwe kinyesi au pumzi kwa ajili ya bakteria huyo na utibiwe, usijitibu kwa andazi.

Mahali ambapo saa ya kula ina uzito wake kweli ni kwenye sukari ya damu. Usiku mwili hushughulikia wanga kwa uvivu, kwa hiyo sahani ile ile ya wali hupandisha sukari zaidi saa 4 usiku kuliko saa 4 asubuhi. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio dogo la wanaume 8 waliokuwa wanakaribia kisukari. Walikula milo yao yote asubuhi na mchana, wa mwisho kabla ya saa 9 alasiri, kwa wiki tano, na insulini yao ikafanya kazi vizuri zaidi ingawa hawakupungua uzito. Kwa hiyo kama vipimo vyako vya sukari vimeanza kupanda, sababu ya kusogeza wanga mapema inakuwa na nguvu hata mizani isipotikisika. Kwa walinzi, wauguzi na wengine wa zamu ya usiku: mlo mkubwa uwe kabla ya kuingia kazini, saa 6 usiku kitu kidogo chenye protini, na si sahani ya wali saa 9 usiku.

Lakini mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asiruke kifungua kinywa wala kuanza kufunga bila daktari wake kubadilisha dozi kwanza. Dawa inaendelea kushusha sukari hata kama chakula hakijaingia. Ule mtetemeko wa njaa ukija na jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kichwa kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, subiri dakika 15, upime tena, kisha ule mlo. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto nao wasifunge kwa ajili ya uzito. Na kwa kuwa wewe umetaja kutetemeka, na una uzito huo katika miaka 36, nakusihi upime sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote wiki hii, kabla hata ya kuanza mpango. Usomaji wa 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L) urudiwe siku nyingine na umwone daktari. Kati ya 6.1 na 6.9 anza kwa kupunguza donge la ugali la usiku, na urudi kupima baada ya miezi mitatu.